Kustaafu Kazi si Kustaafu Akili

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, kuna neno moja lililozoeleka sana vinywani mwetu. Mtu akifika umri wa kustaafu, akarudi kijijini, akaanza kusahau mahali alipoiweka miwani yake, watu husema, "Mwacheni, mzee huyo amechoka." Husema hivyo kwa huruma, wala si kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo mzee huyo haulizwi tena jambo. Shamba likiuzwa, haambiwi. Barua yake ikija, inafunguliwa na mwingine. Mjukuu akitaka kujua habari za ukoo, anaambiwa asimsumbue babu. Baada ya miaka miwili mitatu ya kutoulizwa, mzee anakuwa kweli hana la kusema, nasi tunatazamana na kuambiana, "Si tulisema?"

Juma hili nataka tuupime usemi huo kwa mizani ya historia. Je, ni kweli kwamba akili ya binadamu haina budi kuchakaa kama mwili unavyochakaa? Au kuna sehemu yake tunayoiua wenyewe kwa kuinyima kazi? Swali hili ni la kale sana, na baadhi ya majibu yake mazuri yametoka hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma aliyeitwa Cicero aliandika kitabu kidogo kuhusu uzee. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa na umri wa miaka 62, na siasa za Roma zilikuwa zimemweka kando. Katika kitabu hicho maneno yote amemwekea kinywani mzee Cato, kiongozi wa zamani, ambaye humo anaonyeshwa akiwa na umri wa miaka 84. Cato anajibu lawama nne ambazo watu huutupia uzee: kwamba humwondoa mtu kazini, hudhoofisha mwili, humnyima starehe, na humsogeza karibu na kifo.

Kuhusu kumbukumbu, jibu la Cato ni fupi. Anakubali kwamba kumbukumbu hupungua, lakini hupungua usipoizoesha. Anaeleza kwamba yeye alianza kujifunza Kigiriki uzeeni, na kwamba kila jioni alikuwa na desturi ya kukaa na kukumbuka yote aliyoyasema, aliyoyasikia na aliyoyatenda siku hiyo. Kisha anasimulia kisa cha Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki. Inasimuliwa kwamba watoto wake walimpeleka mahakamani wakidai kuwa baba yao amekwisha akili, wapewe wao kusimamia mali. Mzee hakubishana nao. Aliwasomea mahakimu tamthilia aliyokuwa ametoka kuitunga, kisha akawauliza kama kazi ile ilionekana kuwa ya mtu aliyepungukiwa na akili. Mahakimu wakamwachilia.

Basi tunaona kwamba hata watoto wa kumtangaza baba kuwa amechoka, macho yao yakiwa kwenye mali, hawakuanza leo.

Turudi sasa nyumbani. Wazee wetu hawakuandika vitabu kuhusu jambo hili, ila waliliweka katika maisha. Mwambao wote, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na bao. Mtu asiyelijua bao hudhani ni mchezo wa kupotezea muda. La hasha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Halina dadu, wala halina bahati. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na anayeshinda ni yule aliyehesabu mbali zaidi: nikila hapa, kete zitaishia wapi, na mwenzangu atanijibu nini? Na wanaotazama nao hawakai kimya. Wanasahihisha, wanatania, wanakumbushana bao lililochezwa mwaka juzi. Mzee wa miaka 70 barazani pale hachezeshwi kwa kuonewa huruma, na kijana anayemdharau hufungwa mbele ya watu.

Naomba tulishike jambo hilo: mzee wa barazani alikuwa na wenzake, alikuwa na shindano, na neno lake lilikuwa na uzito. Tutalirudia baadaye.

Sasa nije kwenye sura ya historia ambayo naona tumeisahau mapema mno. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hata mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa katika hali hiyo. Serikali ingeweza kusema, kama serikali nyingi zilivyosema, kwamba fedha ni kidogo, tuwasomeshe watoto, na hawa wakubwa wamekwisha pitwa na wakati. Mwalimu Julius Nyerere hakusema hivyo. Aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Yaliyofuata ni mambo makubwa. Madarasa yalifunguliwa mashuleni baada ya watoto kwenda nyumbani, na pale ambapo hapakuwa na shule, chini ya miembe na katika ofisi za chama. Walimu wa shule za msingi walifundisha jioni, na pamoja nao vijana waliomaliza darasa la saba. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza mwaka 1968, vitabu vya kusomea viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mkulima aliyekuwa akijifunza herufi alijifunza papo hapo namna ya kupanda pamba kwa nafasi. Kwa hiyo hakuona haya kwamba anasoma mambo ya watoto, kwa kuwa yalikuwa mambo yake.

Redio nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Angalia utaratibu ule: kusikia, kusoma, kujadili, kutenda. Na katika kikundi kile alikuwamo kijana na alikuwamo bibi mwenye wajukuu, wakiulizana maswali yale yale.

Matokeo yake? Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba idadi ya wasiojua kusoma na kuandika imeshuka hadi kama asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 ilikuwa imebaki kama asilimia 10. Mamilioni ya watu waliokuwa wamehesabiwa kuwa wamechelewa walishika kalamu wakiwa na mvi kichwani. Kama ingekuwa kweli kwamba akili ya mtu mzima ni chungu kilichokwisha chomwa, kisichofinyangika tena, hesabu hizo zisingewezekana.

Lakini historia ina upande wa pili, nao ni funzo vilevile. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, fedha za madarasa zikakauka, magazeti ya vijijini, kama lile lililoitwa Elimu Haina Mwisho, yakafifia, na maktaba za vijiji zikabaki na vitabu vilivyoliwa na mchwa. Sensa ya mwaka 2002 ilipofanyika, wanaojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 70 tu. Sababu zake ni zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba watoto wengi nao walikosa shule katika miaka hiyo migumu. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mwalimu yeyote wa elimu ya watu wazima anaijua: aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, husahau. Kisu kisichokatia kitu hushika kutu. Na jambo hilo si la uzee, maana hata kijana wa darasa la saba likimpata, humaliza vilevile.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi. Mwezi Januari 2004, mzee mmoja, Kimani Maruge, akafika katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Umri wake ulihesabiwa kuwa miaka 84. Naam, ni umri ule ule wa Cato katika kitabu cha Cicero. Aliwahi kuwa mpiganaji wa Mau Mau, na utotoni hakupata nafasi ya kusoma. Alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, akaketi darasani na watoto ambao wangeweza kuwa vitukuu vyake. Na wajukuu wake wawili walikuwa wakisoma katika shule hiyo hiyo. Alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha zake asidanganywe.

Septemba 2005 mzee Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuuambia ulimwengu, wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa, umuhimu wa elimu ya msingi ya bure. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa nyumbani kwake, akaishi katika kambi ya waliopoteza makazi. Baadaye alihamia kwenye nyumba ya wazee mjini Nairobi. Unadhani huko alikaa kitako kungoja siku zake? Alijiandikisha tena shuleni. Alifariki dunia Agosti 2009 bado akiwa mwanafunzi.

Na wako waliomfuata. Huko huko Bonde la Ufa, bibi Priscilla Sitienei, ambaye watoto walimwita Gogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, alijulikana duniani mwaka 2015 akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika umri wa miaka 90. Huyu alikuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi, na baadhi ya wanafunzi wenzake alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Alitaka kujua kuandika ili aweke katika maandishi ujuzi wake wa ukunga na wa mitishamba, usije ukazikwa naye. Aliaga dunia mwaka 2021.

Ndugu msikilizaji, linganisha watu hawa wawili, utaona kwamba hakuna aliyekwenda shule kwa ajili ya kunoa akili. Kila mmoja alikuwa na jambo la kufanya, na akili ikanoleka katika kulifanya. Mimi naona hapo ndipo penye siri. Akili ya mzee haihitaji kuchezewa kama mtoto anavyochezewa njuga. Inahitaji kazi ya kweli ambayo watu wengine wanaingojea.

Mwalimu Nyerere mwenyewe ni ushahidi wa hayo. Mwaka 1985 aling'atuka urais akiwa na umri wa miaka 63. Angeweza kukaa Butiama akahesabu ng'ombe. Badala yake, kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza matatizo ya nchi maskini. Kisha akashika kazi ambayo wengi hawaifahamu: alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Aliyewahi kujaribu kutunga beti kumi zenye vina na mizani anajua kazi hiyo ilivyo. Na mwaka huo huo wa 1996 alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi, kazi aliyoendelea nayo hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77. Aliyeipokea kazi hiyo ni Nelson Mandela, na mkataba wa Arusha ulipotiwa saini Agosti 2000, Mandela alikuwa na umri wa miaka 82.

Mtu anaweza kuniambia, "Hao ni watu wakubwa, sisi tuna nini?" Ndiyo maana sikuanza na Mwalimu, nimeanza na wakulima wa pamba na mkunga wa kijijini.

Sasa sayansi inasemaje? Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya wenzake juu ya mama mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu kabisa, na akaonyesha jinsi ubongo wake ulivyokuwa umeharibika. Wengi wetu tunalijua jina la ugonjwa huo, lakini hatujui kwamba mama yule alipoingia hospitali mwaka 1901 alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Hakuwa bibi kizee. Maana yake ni kwamba kupoteza akili ni maradhi, si tabia ya uzee, ingawa maradhi hayo huwapata zaidi walio wazee.

Mwaka 1986 huko Marekani ulianza uchunguzi wa masista Wakatoliki 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, ambao walikubali kupimwa akili zao kila baada ya muda, na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Yalionekana mambo ya ajabu. Sista mmoja aliyefariki akiwa na umri wa miaka 101 alikuwa akifanya vizuri katika majaribio yake hadi mwisho, na hali ubongo wake ulikutwa na alama nyingi za ugonjwa. Wataalamu wanafikiri kwamba elimu na shughuli za maisha humwekea mtu akiba: ugonjwa unapokuja kudai, unakuta ghalani bado kuna kitu.

Mwaka 2015 wataalamu wa Finland walitoa matokeo ya majaribio ya miaka miwili kwa watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77. Nusu yao walisaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi ya mwili na ya akili, na kuangaliwa shinikizo la damu. Hao waliwashinda wenzao katika vipimo vya akili. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama tungeyashughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni elimu duni ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe ya kupindukia, kutosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, na upweke.

Yatazame hayo ya mwisho. Mzee asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, maana kila akiuliza "umesemaje?" watu hukunja uso. Asiyeona vizuri huacha gazeti. Mpweke hana wa kubishana naye. Wale wazee wa barazani, bila maabara wala vipimo, walikuwa wamekwisha kuyaona.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Asilimia 45 si mia. Wapo watu waliosoma sana, wakafanya kazi sana, na maradhi yakawachukua. Mgonjwa wa namna hiyo hana kosa, wala wanawe hawana. Tena lipo jambo la kutisha ambalo lazima tuliseme. Katika nchi ya Usukuma, hasa miaka ya 1980 na 1990, akina bibi wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Huko Kisii, Kenya, Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Bibi anayepotea njia usiku, anayeongea peke yake, asiyemtambua jirani, anaweza kuwa mgonjwa wa kumbukumbu. Anahitaji mganga wa hospitali na mkono wa kumshika. Jamii isiyotofautisha uzee na ugonjwa, wala ugonjwa na uchawi, huwapoteza wazee wake mara mbili.

Basi tufanye nini? Kwako wewe mzee mwenzangu, usikubali kuchoka kabla hujachoka. Jaribu desturi ile ya Cato: jioni, kabla ya kulala, irudie siku yako yote, nani uliyeonana naye, alisema nini, ulinunua nini kwa bei gani. Haihitaji fedha wala kitabu. Jifunze jambo moja usilolijua, hata kama ni kuandika ujumbe kwenye simu ya mkononi. Tembea kwa miguu. Pimwa shinikizo la damu. Na ukiona umeanza kusahau kupita kiasi, usione haya, nenda hospitali.

Kwako wewe kijana, mtafutie babu miwani kabla hujamnunulia kanzu ya sikukuu. Kaa upande wa sikio lake linalosikia. Muulize. Muulize jinsi mpaka wa shamba ulivyowekwa, njaa ile kubwa waliishindaje, wimbo ule wa harusi unaendeleaje baada ya ubeti wa kwanza. Akikosea, bishana naye kwa adabu, kwani ubishi wa heshima nao ni dawa. Mpe kazi, tena kazi ya kweli. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini hawakumaanisha wazee waliokalishwa kimya pembeni. Walimaanisha wazee wanaoulizwa.

Nanyi viongozi, kumbukeni kwamba nchi hii iliwahi kumfungulia darasa mtu mwenye mvi, tena wakati ilipokuwa maskini kuliko leo. Miembe bado ipo.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.